Mikono ya Watu wa Kwenye Benchi

Kamembe, Jumapili, baada ya misa

Papa Daktari,

Leo nimepita kaburini kwako. Maua niliyopanda yameshika. Nilitaka kukuambia mambo nikashindwa, kwa hiyo nayaandika.

Benchi letu la wagonjwa bado lipo pale ukutani mwa zahanati. Lakini asubuhi hakuna anayesalimia watu. Unakumbuka ulivyokuwa ukianza kazi kila siku? Hujavaa hata koti jeupe, unapita benchi zima ukimpa kila mtu mkono. Mwenye mkono wa moto, wa homa, ulimwinua mwenyewe, akaingia kwanza. Yule mama wa Bukavu anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, alikutania: "Dokta, unashikashika mikono ya bamama hivi, bibi yako anajua?" Ukamjibu, "Yeye ndiye aliyenituma!" Benchi lote likacheka, hata waliokuja wakilia.

Meneja hakucheka. Alileta namba za karatasi za kupanga foleni, akasema, "Daktari, hapa si mlangoni pa kanisa. Watu wanasubiri." Ukamwambia, "Najua wanasubiri. Nataka kujua nani hawezi kusubiri." Mlibishana hivyo mpaka homa ikakushika ukalazwa. Mimi nilinyamaza. Niliogopa kupoteza kazi.

Tulipokuzika, zikabaki namba tu. Nami, muuguzi wako wa miaka yote ile, nikazigawa bila kumgusa mtu. Wiki iliyopita bibi mmoja wa Nkanka alikaa na mjukuu mgongoni, namba ya mwisho, kimya kabisa. Mtoto alipoanza degedege ndipo nilipomshika. Alikuwa moto, Papa. Moto sana. Amepona, amerudi kwao. Lakini mimi bado nauhisi ule mwili mdogo mikononi.

Na kuna jingine, sijamwambia mtu. Asubuhi yako ya mwisho kazini ulinisalimia, na mkono wako ulikuwa moto. Nilidhani umetoka kushika kikombe cha chai. Wewe ulishika mikono ya wote. Wako niliushika mimi, nikauachia. Unisamehe.

Kesho nitawasalimia wote, mmoja mmoja, kabla ya kugawa namba. Meneja ameshasema anayechelewesha watu atafute kazi kwingine. Basi nitatafuta. Lakini benchi nitakuwa nimelipita lote, mpaka yule wa mwisho.

Pumzika, Papa. Asubuhi nitakaposimama pale kumpa wa kwanza mkono, unikumbuke.

Muuguzi wako,
Espérance