Limbwata la Placidi

Mpepai, Mbinga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lituhi, na kwamba goti lako limepata nafuu. Huku kwetu mvua ni nzuri, na watoto wanakula na kugombana kama kawaida. Nimeamua kuandika kwa sababu simu zangu hupokei.

Dada Ida alinifikishia ujumbe wako. Alisema umesikia kwamba mume wangu Placidi ananichimbia ngoro, yale mashimo ya shambani, kazi ya wanawake, na kwamba watu wanasema nimemlisha limbwata. Akaongeza kwamba hutakanyaga kwangu mpaka nikawaombe radhi wakwe zangu. Mama, niliumia, kisha nikacheka. Limbwata ningelipata wapi, mimi ambaye hata chumvi huwa naisahau?

Unajua desturi ya huku: wanaume hukata nyasi na kuzipanga, sisi tunachimba mashimo na kuzifukia. Nami kila nilipopanda mlimani na jembe, kifua kilinibana na macho yakaingia giza. Wenzangu waliniita mvivu. Siku moja Placidi akanikuta nimezimia ndani ya shimo. Tangu hapo alilichukua jembe langu. Walimcheka hadi kilabuni, naye akawajibu kwamba njaa haiulizi aliyechimba ni nani.

Ndiye aliyenilazimisha kwenda hospitali. Nilipimwa Songea, nikapelekwa Dar es Salaam kupigwa picha ya moyo. Daktari, mama mmoja mpole, alinieleza kwamba mshipa mmoja unaoulisha moyo wangu umeota mahali pasipo pake, ukapita katikati ya mishipa mikubwa miwili. Nikifanya kazi ngumu, unabanwa. Nimezaliwa nao. Nilimuuliza kama ni kwa sababu ulikuwa ukianika dagaa wa usipa juani ukiwa na mimba yangu, maana najua utajiuliza. Akasema hapana, hakuna aliyekosea.

Sasa Mama, kuna jambo nililomficha hata Ida. Mwezi ujao nitapasuliwa moyo. Daktari anasema wengi hupona, lakini hakunificha kwamba wapo wasioamka. Naogopa sana. Placidi naye anaogopa, ingawa anajifanya kuimba. Wakwe nimeshawaeleza, na mama mkwe alilia. Radhi ninayoihitaji ni yako. Sitaki kulala kwenye meza ile ukiwa bado umenikasirikia.

Nisalimie mjomba Othmar na majirani wote. Ukiipata barua hii nipigie, hata kama ni kunigombeza tu.

Ni mimi mwanao,
Kunigunda