Jicho la Diwani na Zile Karanga

Baba Simiyu,

Kwanza kabisa, karanga. Usifikiri kwa sababu umelala huko Bungoma kwenye shamba la baba yako basi hiyo kesi imefungwa. Miaka mitatu nilikuona. Kila asubuhi ukimaliza chai unachota karanga kwenye bakuli, unatia mfukoni mwa koti, unatoka nyuma ya nyumba kama mtu anayeenda kuangalia kama mvua itanyesha. Meno yenyewe ulikuwa nayo mangapi? Nikajua kuna mwanamke. Sikukuuliza, nilikuwa nangoja nikushike. Nawe ukaniwahi, ukafa.

Jana nimejua karanga zilikuwa zinaenda wapi. Ndiyo maana nimekaa hapa mezani asubuhi hii, nimevaa miwani yako kwa sababu yangu siioni, nakuandikia. Nimemkosea mtu, na wa kuambiwa ni wewe.

Nianze na Diwani. Sungura wako unamkumbuka, ama huko mnasahau? Yule mweupe mwenye sikio moja la kijivu, uliyempa hilo jina kwa sababu, ulisema, anakula vizuri na hachangii hoja. Mimi sikumtaka. Nilisema nyumba ya watu wazima haifugi panya mwenye masikio. Lakini niliporudi hapa Kibomet kutoka mazishini, nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ikinguruma, ni yeye tu aliyekuwa akinitazama kupitia wavu wa kibanda chake. Nikamwambia, haya, tumebaki wawili.

Asubuhi ya tatu nikakuta kitu mlangoni pa kibanda. Nyasi mbichi, kiasi cha kujaza mkono, zimefungwa kwa ukanda wa mgomba uliokauka, mafundo mawili, moja juu ya lingine. Hakuna mtu, hakuna salamu. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena.

Wewe unanijua. Nimekuwa matroni wa bweni la wasichana miaka ishirini. Nimepekua masanduku, nimenusa vikombe, nimekuta simu ndani ya mkate. Mtu hatoki kwake alfajiri kumwekea mjane mafundo mlangoni kwa sababu ya mapenzi. Tena mjane ambaye nywele alizonyolewa hata hazijaota! Nikazishika zile nyasi kwa koleo la makaa, nikazitupa chooni. Kila siku hivyo, kwa koleo. Na Diwani nikamwingiza jikoni, kwenye katoni la mafuta ya kupikia, nikafunga mlango kwa komeo.

Nikamlisha kwa mkono wangu, chakula ninachojua kimetoka wapi. Mkate uliolowekwa kwenye chai ya maziwa. Ugali. Biskuti. Viazi vya kuponda. Alikula, Baba Simiyu, alikula mpaka nikasema kumbe mzee alikuwa anamtesa bure na nyasi. Kusema kweli nilikuwa nakupikia wewe. Bado nilikuwa nasonga ugali wa watu wawili, mkono ulikataa kujifunza kupunguza unga.

Mwezi wa pili baada ya msiba jicho lake la kulia likaanza kutoa machozi. Kwanza tone tu. Kisha manyoya chini ya jicho yakalowa na kushikana, ngozi ikawa nyekundu. Mama mmoja wa kanisani alikuja kunipa pole, akamwona, akashusha kikombe. Ati mnyama akilia jicho moja baada ya msiba, kuna neno marehemu hakulimaliza. Nikasema neno lenyewe mimi nalijua: kuna mtu anaturoga.

Nikaanza kuwapanga niliowashuku. Ndugu yako Wekesa, alipokuja kutoka Bungoma kuniangalia, alimshika Diwani kiunoni akauliza ana kilo ngapi. "Shemeji, si hii ni nyama tu bana." Huyo wa kwanza. Jirani mwenye paka, anayecheka kabla hujamaliza kuongea, wa pili. Lakini wa nyasi, huyo ndiye niliyemtaka.

Na nilimuuguza vizuri, usiseme sikumuuguza. Nilichemsha maji, nikatia chumvi kidogo, nikayaacha yapoe mpaka yakawa vuguvugu. Asubuhi na jioni nilimfunga kwa taulo lako la bluu, miguu ndani ili asinikwaruze, nikamkalisha mapajani, nikapangusa jicho kwa pamba safi, nyingine kila mara, kutoka upande wa pua kwenda nje. Mtu akaniletea dawa ya macho iliyobaki ya mjukuu wake. Nikainusa, nikasoma tarehe, nikaitupa. Manyoya yalikauka mchana, kufika jioni yamelowa tena. Halafu akaanza kukataa mkate. Anauendea, anaugusa kwa mdomo, anauacha. Nikimpapasa nahesabu mbavu. Hapo niliogopa sana, mzee wangu. Nimetoka kukuzika wewe, halafu kitu kimoja chenye pumzi ulichoniachia kinifie mikononi? Ningekuambia nini siku tukikutana?

Nikaamua kumshika mwenye nyasi. Kulipoanza kupambazuka nilisimama nyuma ya pazia la jikoni na mwiko mkononi. Mwiko wa nini, usiniulize. Akatokea Nelima. Nelima mke wa Simiyu wetu, anayekaa mageti mawili tu kutoka hapa, mundu kwapani, nyasi mkononi, ananyata kama mwizi.

Huyo sikuwahi kumwelewa. Miaka mitatu ya ndoa nimemsikia akisema "Ndiyo mama" na "Hapana mama", basi. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nilimwambia Simiyu siku ile ile alipomleta kutoka kwao, kijiji cha Kwanza. Nikausukuma mlango. "Nimekushika! Unaniletea nini hapa? Kumuua mzee hakukutosha?"

Nilisema hivyo. Nakuandikia kama nilivyosema, ili usije ukasikia kwa mwingine.

Akaweka nyasi chini polepole. Akasema "Pole mama," akaenda. Nikampigia Simiyu, alikuwa njiani na lori la mahindi, nikamwambia mke wako asikanyage kwangu tena. Akasema "Sawa mama" kwa sauti yako kabisa. Nyasi zikakoma. Nikajiona mshindi. Jicho likazidi.

Ndipo nikamwita daktari wa mifugo anayezunguka upande wa Endebess kwa ng'ombe wa maziwa. Nilitarajia mzee, akaja kasichana kamevaa gambuti. Nikakaomba kitambulisho. Kakanionyesha, kakacheka. Halafu hata jicho hakulitazama sana! Alibonyeza taratibu kando ya pua, usaha mweupe ukatoka, akamfungua mdomo na kumulika kwa tochi ya simu. Akaniuliza, "Mama, huyu anakula nini?" Nikajibu kwa majivuno kwamba anakula kama mtu. Akaizima tochi akanitazama.

Kumbe meno ya sungura hayaachi kuota mpaka anakufa. Nyasi ndizo zinayasaga. Akikosa nyasi yanarefuka, mizizi inasukuma juu inabana ule mfereji wa kupitisha machozi, machozi yanakosa njia, yanamwagika nje. Hakuna mafundo, hakuna paka, hakuna neno la marehemu. Ni mkate wangu na chai yangu. Mimi ndiye niliyekuwa namuua, na huku nimefunga komeo kuzuia watu.

Daktari akayapunguza meno ya mbele, akausafisha mfereji, akaniachia matone ya dawa. Ya nyuma, akasema, tuyape wiki mbili, yakikataa kupungua atamlaza usingizi ayasage. "Na nyasi, mama. Nyasi mchana kutwa. Zamani nani alikuwa anamkatia?" Nikasema, marehemu mume wangu.

Akaondoka, nikaenda kutafuta mundu wako. Niliukuta pale pale, umening'inia nyuma ya kibanda. Mpini umeoza na kukatika, kutu imekula makali, buibui amejenga. Nikasimama nao mkononi. Huo mundu haukukata kitu tangu goti lako liharibike, na goti lako liliharibika mwaka ambao Simiyu alioa. Sasa nyasi za miaka mitatu zilikatwa na nani?

Chini yake palikuwa na msumari. Kwenye msumari umetundika kanda za mgomba, kavu, nyingi mno, na kila moja ina mikunjo ya mafundo mawili, moja juu ya lingine. Kando yake ule mkebe wa majani ya chai nilioutafuta mpaka nikamsingizia mfanyakazi anayekuja mchana kufua. Nikaufungua. Maganda mekundu ya karanga, na punje tatu.

Nililia, wewe mwanamume. Nilikaa juu ya ndoo nikalia.

Kwetu baba mkwe na mkamwana hawapeani mkono, hawakai meza moja, hawatazamani usoni. Mila hiyo uliishika vizuri, hata nilikusifu mbele za watu. Kumbe mlikuwa mnasalimiana kwa nyasi na karanga chini ya pua yangu, mimi matroni!

Kuomba msamaha sijui. Bwenini walioomba walikuwa wao. Lakini nilimtia Diwani kwenye kikapu, nikatembea yale mageti mawili. Nelima akafungua, akaona ni mimi, akarudi nyuma hatua moja. Hiyo hatua imenikaa hapa kifuani mpaka sasa. Kisha akamwona Diwani, akausahau woga. "Mama, amekonda," akasema, akampokea.

Na akaongea, Baba Simiyu. Huyo msichana kumbe ana maneno. Aliniambia wewe ulikuwa unasimama upande huu wa kibanda, yeye upande ule, mmepeana mgongo, unaongea na sungura. "Diwani, mwambie mtu wako leo nyasi zina umande mwingi." "Diwani, muulize mtu wako kama Simiyu amefika salama." Na asubuhi ile tuliyokupeleka hospitali, nilipokuwa ndani natafuta leso, ukamwambia, "Diwani, mwambie mtu wako, nikichelewa kurudi asikuache na njaa. Huyu mama anajua kupekua, kulisha hajui."

Asante sana. Hata ukienda kufa unanisengenya kwa sungura.

Kwa hiyo yule mtoto alikuwa anatimiza neno lako. Nimezitupa nyasi zake chooni, nimemtukana, na bado alikuwa anauliza mfanyakazi wangu kama Diwani anakula. Basi nikafanya kama wewe. Nikageuka nikampa mgongo, nikasema kwa sauti ya bweni: "Diwani, mwambie mtu wako ni mimi niliyekunyima nyasi. Nimemtukana mtoto wa watu bure. Kama anaweza kunisamehe, aje kesho. Na asinyate. Apige hodi."

Nikasikia anavuta makamasi. Nikachukua kikapu changu nikarudi.

Sasa jua linatoka. Jicho bado linatoa machozi kidogo, daktari anasema huenda lisikauke kabisa. Nitalipangusa asubuhi na jioni, mimi na yeye hatuna kazi nyingine ya maana. Mkebe nimeujaza karanga, mbichi na za kukaanga, maana sijui anapenda zipi. Kanda zikija nitazitundika kwenye msumari wako. Na nakuahidi kitu kigumu: nitauliza kabla sijashuku. Isipokuwa Wekesa. Huyo bado namwangalia.

Lala vizuri, mzee wangu. Karanga nimekusamehe. Naweka kalamu chini, kuna mtu anapiga hodi, na anapiga kwa nguvu, kama mtu aliyefika kwao.

Mimi,
Mama Simiyu