Kipara cha Nyuma ya Masikio

Nshambya, Jumatano

Kutoka hapa mpaka Muleba hakuna daktari wa wanyama anayenifikia, na la saba nilifeli! Ndiyo maana mdogo wangu Koku alipoona simbilisi wake hana manyoya nyuma ya masikio, alinikimbilia mimi.

"Upele huo," nikasema. Nikampaka mnyama oili chafu ya pikipiki, kama tunavyowapaka mbuzi.

Akawa anajilamba. Akagoma kula. Jana kafa.

Leo nimembeba bwana mifugo kwenye pikipiki yangu kwenda Ijuganyondo, nikamsimulia. Kacheka mpaka pikipiki ikayumba. "Simbilisi wote wana kipara hapo, daktari! Ndivyo walivyoumbwa."

Mjinga yule. Anacheka nini?

Koku bado analaani upele. Sijamwambia kwamba simbilisi wake alikuwa mzima, nikamuua mimi.