Sahihi ya Kumi na Mbili

Dada yangu mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa nakutangazia kifo cha feni ya dukani, iliyotutoka Jumanne baada ya kuugua shingo kwa muda mrefu. Mimi mdogo wako ni mzima, jasho tu. Natumaini nawe hujambo na kile kikohozi kimekuacha.

Barua yako ya kuniomba nikutafutie chumba cha wewe na mwenzio niliipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu nitakayoifikia. Nivumilie nizunguke kidogo.

Kazi yangu unaijua: simu ikija imekufa, kabla sijaigusa nahamishia vitu vyake vyote kwenye kompyuta, visipotee. Sichungulii. Haya, nachungulia. Mwenye nyumba wetu, kinyozi, na yule muuza vipuri mwenye sauti ya spika, wote wameweka filamu za aina moja: wanawake wawili kitandani, kana kwamba wanamsubiri yeye mtazamaji aje awakamilishe.

Upande wa pili wa ua wetu walikuwa wakiishi washonaji wawili, wanawake, huu ukiwa mwaka wao wa tatu. Hao hawakumsubiri mtu. Kinyozi aliwahi kuwauliza, huku akicheka, kama hawahitaji wa tatu; mkubwa wao akamjibu kwamba wa tatu wanaye, ni cherehani. Wiki hiyohiyo karatasi ya kutaka wafukuzwe ikaanza kuzunguka. Kinyozi akasema wanaharibu watoto. Muuza vipuri akasema hajawahi kuona uchafu wa namna ile, na simu yake iko mezani kwangu, imepasuliwa tumbo.

Ningecheka, Dada, ila filamu hizo hata mimi ninazo, tangu kabla hujanitambulisha kwa mwenzio. Siku ile mlipokaa mnamenya viazi nilishindwa kumtazama, ukadhani namchukia. Sikumchukia. Kichwani nilikuwa na picha moja tu ya wanawake wawili, na haikuwa na viazi. Niliona aibu, na aibu hiyo nikawatupia ninyi. Karatasi ilipofika dukani wenzangu walikuwa wamesimama wananitazama mkono. Nikaweka sahihi ya kumi na mbili.

Washonaji walihama Ijumaa. Mdogo wao alipita kunirudishia bisibisi niliyowaazimisha, akanishukuru.

Msalimie shemeji. Ndiyo, nimeandika shemeji, mwonyeshe. Akikataa salamu zangu nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi

Nilisahau: chumba kimepatikana. Ni kile chao.