Nilivyompeleka Mama kwa Mtaalamu wa Lishe

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zangu tele. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Na mgongo wako je, bado unakusumbua? Sisi huku tunapumua. Cherehani yangu imepona, na wateja wananung'unika kama kawaida yao.

Sasa habari za mama. Nilikwambia anazidi kukonda hadi magauni yake nayapunguza kila mara. Daktari alimpima damu, hakuona ugonjwa, akatutuma kwa mtaalamu wa lishe. Unanijua mimi na watu wa aina hiyo. Jirani yetu Redio alishanitonya kwamba kazi yao ni kuuza makopo ya unga wa lishe. Nikaacha pochi nyumbani makusudi.

Tukamkuta binti mdogo, raba miguuni, mezani hana hata kopo moja. Hilo nalo likanitia wasiwasi: ameyaficha wapi? Akasoma majibu ya damu, akataka kuona dawa zote anazomeza mama, kisha akaanza maswali. Jana ulikula nini? Nani anapika? Unakula na nani? Kaka, nilimkata jicho. Nikajua huyu ananishuku kwamba namnyima mama chakula. Nikawa najibu mimi kabla mama hajafungua mdomo.

"Dada, naomba mama aseme mwenyewe," akaniambia, kwa upole wa kuudhi.

Mama akasema anakula vizuri tu na anashiba. Yule binti hakubisha. Alimpa kipande cha mkate mkavu, akatulia akimtazama. Mama akatafuna mara mbili, akakisukuma shavuni, akajifanya anapenga kamasi ili akiteme kwenye leso. Naishi naye nyumba moja na hilo sikuwahi kuliona. Niliona aibu sana.

Akaombwa avue meno ya bandia. Ufizi wa chini una kidonda chekundu kabisa. Ni yale meno uliyomlipia ulipokuja likizo. Tulipotoka nje nikamuuliza mama kwa nini amenyamaza muda wote huo.

"Mwanangu kajinyima kwa ajili yangu. Nimwambie yananiumiza?"

Mtaalamu amempangia vyakula laini vya kumrudishia mwili, na akasisitiza meno yakarekebishwe kwa daktari wa meno. Hakutuuzia kitu. Nilimvizia hadi tunafika mlangoni.

Lakini mama amegoma kwenda, anadai ukisikia utavunjika moyo. Ameniapisha nisikwambie, nami ndiyo hivyo nakwambia, maana nguo zake sasa hazina pa kupunguza. Mpigie wewe. Usimuulize kama anakula, atakudanganya vilevile anavyotudanganya sisi. Mwambie tu ayavue hayo meno.

Msalimie sana wifi, kifungua mimba wako na yule kitinda mimba mtundu. Mungu awafunike kwa afya na amani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikununia.