Oili ya Mashine ya Kusaga

Mugumu, 14 Juni 1979

Shemeji Athuman,

Mwambie dada Maua kwamba mama anatembea tena bila fimbo, na mtama wetu umekomaa.

Unauliza gari letu la zamani, lile Pijo, litiwe oili gani kwa mbio za magari za Tanga. Tia nzito. Vyuma vya injini iliyochakaa vimelegeana, na ikipata moto wa mashindano, oili nyepesi inakuwa kama maji.

Nilijifunza hilo katika mbio za mwaka 1973. Tulitoka Tarime tukiongoza, wewe unaimba, mimi mwandishi wa gazeti nimekaa pembeni yako, nimeshika ramani. Tuliposimama Nyambureti ulikwenda kunywa maji. Mwenyekiti wa kijiji akaniletea kopo la oili ya mashine ya kusaga, mbele ya watu wote.

"Mgeni hakatai," akasema. "Au ya wanakijiji haiwafai watu wa magazeti?"

Watu wakacheka. Nilijua ni nyepesi mno, lakini niliona haya kukataa zawadi yao. Nikaimimina yote.

Injini ilikwama Kenyamonta. Ukasema umeiua mwenyewe kwa kukanyaga mafuta kupita kiasi, ukaacha mbio kwa miaka sita. Mimi sikukwambia habari ya lile kopo. Zaidi ya hayo, niliandika gazetini kwamba dereva alizidisha mwendo.

Habari ile haikuwa kweli, shemeji. Nimekaa pembeni ya madereva wengi tangu siku ile, na hakuna aliyeendesha kama wewe kutoka Tarime hadi Nyambureti. Kaendeshe vile vile.

Shemeji yako,
Jumaa