Jumamosi Moja ya Mama

Jumatatu, 3 Novemba 2003

Shule. Jaribio la kemia, nadhani nimefanya vizuri. Nimepika wali. Mama amelala mchana kwa sababu jana aliuguza wagonjwa hospitalini zamu mbili. Baba ameongea na Wekesa kwa simu akiwa ndani ya gari, milango imefungwa. Siku hizi anaongelea huko huko ili Mama asisikie.

Ni mwezi wa tatu sasa. Agosti kaka yangu Wekesa aliacha uhandisi chuoni akahamia ualimu wa michezo. Mama alimwambia asimpigie simu mpaka akili imrudie. Hajapiga. Mama naye hajapiga. Mwanzoni nilikuwa nalia. Sasa sisikii kitu. Ninaosha vyombo tu.

Habari ya leo ni hii: mpigaji mateke wa kwanza wa timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani ameumia goti. Wekesa, aliyekaa benchi miaka miwili, ndiye atakayepiga mateke ya kupitisha mpira katikati ya milingoti, pointi tatu kila teke. Mechi zilizobaki ni mbili. Zote za ugenini.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwambia Mama. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno bafuni. Alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazini. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga pasi mkono wa pili, akasema, "Ninaweza kubadilishana zamu ya Jumamosi moja. Moja tu. Chagua wewe."

Hajawahi kumwona Wekesa akicheza hata mara moja. Anasema ni mchezo wa watu kuvunjana mbavu.

Nikimfikisha Mama pale uwanjani, akamwona Wekesa akipiga, wataongea. Ninaamini hivyo. Sina mpango mwingine.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepiga mistari kwenye karatasi ya hesabu.

Houston, tarehe 15. Mwendo wa saa nne na nusu kwa gari. Uwanja hauna paa, lakini kuta zake ni ndefu na zimezunguka kote, upepo hauingii sana. Joto la wastani. Mvua: haijulikani.

Magharibi mwa jimbo, tarehe 22. Mwendo wa saa tano na zaidi. Uwanja uko juu ya tambarare, hakuna hata mti. Baridi. Upepo kila siku.

Baba anataka magharibi. Anasema hewa kavu, mpira unakuwa mwepesi. Nikamwambia upepo wa ubavuni unaupeleka mpira mwepesi nje ya milingoti. Akacheka. "Wewe Nafula, umekuwa idara ya hali ya hewa?"

Nimechagua Houston. Shida ni mvua peke yake.

Jumamosi, 8 Novemba

Televisheni yetu hapa Lewisville inatoa hali ya hewa ya Dallas tu. Kompyuta ya maktaba ilisema mvua Jumanne, leo inasema jua. Nahitaji mtu anayeliona anga lenyewe.

Mama ametuonya mimi na Baba: tusiseme kwa mtu yeyote kwamba tunapita Houston. "Tunaenda, tunamwona, tunarudi. Nina zamu Jumapili asubuhi." Nimeelewa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimempigia Shangazi Roselyne, dada mkubwa wa Baba. Anakaa Sugar Land, karibu kabisa na Houston. Nimemuuliza mawingu yakoje. Sikutaja safari. Akasema mawingu yapo ila hayana nguvu. Akauliza masomo. Nikasema mazuri.

Jumatano, 12 Novemba

Nimempigia tena. Manyunyu asubuhi, jua mchana. Nimeandika.

Alhamisi, 13 Novemba

Safari hii amepiga yeye, na Baba ndiye aliyepokea. Nikasikia Baba anasema, "Aa, dada, hapana... si kukuficha... ndiyo, Jumamosi." Halafu akaniangalia.

Shangazi si mjinga. Mtoto wa Lewisville anauliza mvua ya Sugar Land mara mbili katika wiki moja, na kaka yake anacheza Houston. Ameshajumlisha.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Umempigia wewe?" Nikasema ndiyo. Akarudi jikoni.

Ningependa angenigombeza.

Ijumaa, 14 Novemba

Baba amesema tutapita kwa Shangazi dakika ishirini, chai tu. Mama amesema, "Kwa dada yako? Dakika ishirini?" Nguo ziko tayari. Makoti ya mvua manne, moja la ziada kwa Wekesa. Kulala.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika garini, Baba anaendesha, taa ndogo ya juu imewashwa. Nataka kuandika yote kwa mpangilio.

Tuliondoka saa kumi na mbili alfajiri. Barabara nzuri. Hakuna mvua hata tone. Saa nne na nusu tulikuwa Sugar Land. Mechi saa saba. Kutoka pale mpaka uwanjani ni nusu saa. Kwa hesabu yangu tulikuwa na muda wa kutosha na wa kubaki.

Shangazi alikuwa mlangoni na kitenge kipya. Kuku wawili walikuwa kwenye beseni, ndiyo kwanza wananyonyolewa. Kuku wa kienyeji. Aliwafuata kwa mfugaji nje ya mji jana. Kuku wa namna hiyo haivi kwa saa moja.

Baba alisema kwa upole kwamba tuna haraka. Shangazi akasema, "Haraka gani? Mke wa ndugu yangu apite kwangu na tumbo tupu? Kule nyumbani wakiuliza alikula nini kwa Roselyne, niseme alikunywa maji?"

Mama anaweza kumwamrisha daktari. Nimemwona. Lakini huyu ni wifi yake mkubwa, na nyumbani kwetu mke hamharakishi dada wa mumewe akiwa jikoni kwake. Mama alivua viatu. Akaenda kusaidia kunyonyoa.

Saa sita, kuku bado. Saa sita na nusu, ugali. Shangazi akaomba sala ndefu, akataja watu wote wa Bungoma, walio hai na waliokufa. Firigisi akapewa Baba. Baba alitafuna huku akitazama saa ya ukutani. Shangazi akamwambia, "Tafuna vizuri, kaka, mpira hauna miguu." Mimi nilikula kila nilichowekewa. Sikusikia ladha.

Tuliondoka saa saba na robo. Shangazi alitufungia mapaja mawili ya kuku ndani ya karatasi ya foili.

Maegesho yalikuwa mbali. Tulitembea kwa haraka, Mama mbele. Tulikaa kwenye viti vyetu saa nane na dakika tano, robo ya pili kati ya nne imeshaanza. Ubao ulisema tatu kwa sita. Tatu ni sisi.

Mama akamuuliza mzee aliyekaa pembeni nani amezifunga hizo tatu. Mzee akasema namba thelathini na nane, teke la mbali sana, limepita katikati kabisa, mmelikosa. Mama akasema, "Huyo ni mtoto wangu." Mzee akampa mkono. Mama akaushika. Uso wake haukubadilika.

Tulingoja robo zote zilizobaki. Timu haikusogea tena karibu na milingoti. Wekesa alikuwa pembeni, anapiga mpira kwenye wavu mdogo, anauokota, anaupiga tena. Kuanzisha mpira ni kazi ya mwingine. Hakuingia tena. Ubao haukubadilika upande wetu.

Jua lilikuwa zuri. Upepo hakuna. Yote niliyoyapima yalikuwa sahihi.

Baadaye tulisimama kwenye uzio, wanapopitia kwenda kwenye basi. Wekesa alikuja nywele zimelowa. Alimsalimu Baba. Akamwangalia Mama. "Nilitazama viti kabla sijapiga. Vilikuwa vitupu."

Mama akasema, "Tulikuwa tunakula kwa shangazi yako."

Nilifikiri atakasirika. Akainamisha kichwa, mabega yakatikisika. Alikuwa anacheka. "Kuku?"

"Wawili."

Basi likapiga honi. Mama akampitishia ile karatasi ya foili juu ya uzio. Akaipokea, akakimbilia basi. Sikumwambia kwamba kosa ni langu. Nilikuwa nimebeba koti lake la mvua, nikasahau kumpa.

Jumapili, 16 Novemba

Mama kazini. Baba kalala. Nimefua. Nimeitupa ile karatasi ya hesabu. Sina huzuni. Sina kitu.

Jumatano, 19 Novemba

Alama ya kemia: nzuri. Nimemwandikia Wekesa barua, nimeeleza habari ya simu za mawingu, zote mbili. Nimeomba msamaha. Nimepeleka posta mwenyewe.

Jumamosi, 22 Novemba

Mama kazini mpaka jioni. Mimi na Baba tumesikiliza mechi ya magharibi kwa redio, jikoni. Upepo mkali. Wekesa amepiga mara moja. Mpira umegonga mlingoti, umerudi. Msimu umekwisha. Baba amezima redio, ameenda kukata majani.

Saa kumi simu ikalia. Mama, anapiga akiwa mapumzikoni. Akauliza imekuwaje. Nikamwambia. Nikasikia wagonjwa nyuma yake, na kengele ya kitanda cha mtu.

Akasema, "Nafula, nipe namba ya simu ya chumba cha kaka yako. Sina kichwani."

Nikamsomea tarakimu moja moja. Akaomba nirudie, polepole, anaandika mkononi.

Nikarudia.